Kofia ya Mwezi wa Nne

Ya kwanza niliishona kabla hajazaliwa,
bafta nyeupe, viua vya uzi wa maziwa,
nikakisia kichwa kwa ngumi yangu ya kushoto.
Ilimkaa siku ya akika. Wiki tatu zaidi. Basi.

Ya pili nikaongeza vidole viwili.
Ya mwezi wa nne ilikataa kushuka chini ya paji,
nikampa Bi Somoe kwa mjukuu wake.

"Kichwa cha ukoo hicho," alisema wifi yangu,
"mtazame baba yake."
Baba yake nimemshonea kofia kumi na mbili,
kipimo chake nakijua hata usingizini.
Nikanyamaza.

Kliniki ya Mitandi, Jumatano, mvua ya Machi.
Mshamu ndani ya kaptula ya mizani,
ananing'inia kwenye ndoano, halii,
macho yote kwenye feni.
Uzito: ndani ya kijani. Urefu: ndani ya kijani.
Kichwa hakikuwa na mstari kwenye kadi ile,
nikatoa mkobani futi yangu ya ushonaji.
Nesi Fidea hakucheka. Alipima, akapima tena,
akaandika pembeni kwa penseli:
"Kinakimbia. Mlete mwezi ujao."

Kikakimbia mpaka alipofunga mwaka,
kisha kikapunguza mwendo,
kama mgeni aliyewahi shughuli
akakaa kibarazani kusubiri wenzake.
Wenzake wakachelewa:
kuitika jina, kupunga mkono,
"mama".

Ana miaka mitatu na nusu, daktari akasema usonji.
Akasema pia, taratibu, akikunja stetoskopu:
wapo ambao kichwa huwakimbilia hivi uchangani,
wapo ambao hakiwakimbilii kabisa,
na wapo wenye vichwa vikubwa wasio na lolote.
Futi haijibu, mama. Futi inauliza tu.

Sasa ana sita. Kofia kichwani hataki,
hata ya Idi.
Lakini jana nimemkuta sakafuni, sanduku la bati wazi,
amezitandika zote mkekani, ndogo mpaka kubwa,
anapitisha kidole, tundu kwa tundu,
anaguna kile kiguno chake cha raha.

Baada ya ya pili ameacha nafasi,
upana wa kofia moja kamili.

Ya Bi Somoe sikuwahi kumtajia.

Nikaisogeza ya mwezi wa sita izibe pengo.
Akauondoa kwanza mkono wangu,
halafu akairudisha kofia
mahali pake.