Ini la Ndizi

Kijana wa tai alitandika meza nje ya soko la Mbuyuni:
kompyuta, waya, kijiti cha shaba.
"Shika hapa, mama. Dakika moja, mwili mzima."
Mama akashika.
Ini limechoka, mashine ikasema, figo zimelegea.
Elfu ishirini, na unga wa kijani kwenye kopo.

Mimi ni mtu wa maabara. Kesho yake nikaenda
na mshare mbichi, nimeuviringisha kwa kitambaa,
nikaubana kwenye kijiti yeye akihesabu chenji.
Ndizi nayo ina ini bovu.
Ndizi nayo inywe unga, kutwa mara tatu.

Nilicheka peke yangu hadi Kiboriloni.

Mama hakucheka. Alikuwa anakoroga.
"Aikande, ndizi naijua, nimeilima miaka arobaini.
Lakini yule kijana alinishika mkono,
akaniuliza nalala vipi tangu baba yako aondoke.
Kwenu mliniita Kumi na Saba,
mkanidunga kidole, mkanipa karatasi,
halafu mkaita Kumi na Nane."

Kijiko kikagonga kopo, kikagonga tena.
Nilitazama vidole vyangu.
Vilikuwa vyeusi kwa utomvu.