Tone Kwenye Daftari

Usinifungulie hilo pipa, Kyalwe.
Muhuri wake umelegea kama jino la mtoto,
na harufu yake naijua:
mafuta yaliyokwisha kufanya kazi tumboni mwa gari la mwingine,
yakachujwa kwa kitambaa, yakavishwa lebo mpya.
Nipe lile la nyuma, kumi na tano kwa arobaini,
lita ishirini na mbili, na vichujio viwili.
Bei tutagombana baadaye.

Unacheka kwamba nimerudi mapema.
Elfu tano tu, mama, kitabu cha gari kinaruhusu kumi na tano.
Kitabu kiliandikwa na mtu
ambaye hajawahi kufuata kamio nyingine
kwenye barabara ya Kasenga mwezi wa nane,
vumbi jekundu limesimama kama ukuta,
unga wa kwenda, samaki wakavu wa kurudi,
gia ya pili toka alfajiri mpaka jua la utosi,
na mazutu ya kununua kwa dumu, yenye kiberiti ndani,
mafuta yanapigana nacho hadi yanachoka.

Kilometa hazijui hayo.
Juzi pale kizuizini Kisimba alingoja saa sita
moteri ikinguruma, maana starta imekufa
na ukizima utatafuta mabega ya kusukuma.
Namba kwenye dashibodi haikusogea hata moja.
Mafuta yalizeeka.
Mimi nahesabu saa.

Tazama. Daftari la shule, la mistari.
Mwewa, mume wangu, ndiye aliyelianza.
Kila vidanji, kabla ya kulegeza nati,
alichomoa kijiti cha kupimia, akadondosha tone moja
kwenye ukurasa, akaandika tarehe,
akaliacha likauke dirishani, watoto wasiguse.
Tone zuri hutanuka taratibu, kingo zake zikififia.
Tone baya hubaki na doa zito katikati
kama bukari iliyoshika sufuria.
Na hili lenye ukingo wa meno-meno,
hapo maji yaliingia. Gasketi.
Tuliuza mbuzi wawili.

Kurasa hizi za mwanzo zina rangi ya chai.
Miaka minne alijisifu kwa majirani wote wa Katuba:
mafuta yangu hayawi meusi!
Alinunua ya rahisi, yasiyo na sabuni ndani.
Siku moteri ilipofunguliwa, masizi yalikuwa yamekaa mule,
yameganda kwenye pistoni kama ukoko.
Fundi alimwambia bila kuinua macho:
mafuta yanayobaki safi hayajaosha kitu.
Jioni ile Mwewa alikaa kimya,
na hakuwa mtu wa kukaa kimya.

Baada ya hapo, ona, kurasa ni nyeusi.
Nyeusi ya haki.

Hili ndilo la mwisho kwa mkono wake,
tarehe tisa, mwezi wa pili. Saba yake ina mkato, kama kawaida,
kwenye namba ya kilometa.
Alipima, akasema bado wiki moja.
Wiki ilikuja bila yeye.
Nilijilaza mwenyewe chini ya gari, na kanga yangu ya matanga,
nikaipindisha nati upande usio wake,
mafuta ya moto yakanimwagikia hapa, kwenye kifundo.
Kovu limebaki.
Yale mafuta machafu nilipaka nguzo za ua;
mpaka leo mchwa wanazizunguka tu.

Tangu ukurasa ule mwandiko ni wangu. Mbaya, najua.
Kisimba anasema napoteza pesa,
wenzake wanaongezea lita moja moja na safari inaendelea.
Nimemwambia kuongeza si kubadilisha:
chumvi hairudishi mboga iliyochacha.

Basi pima. Hadi mdomoni, Kyalwe, usiishie shingoni.
Na kabla hujafunga,
nidondoshee moja hapa, kwenye karatasi nyeupe.
Nataka kuyaona
kabla hayajafanya kazi.