Matope

Mimi sikuwahi kuona goli hata moja.
Jumapili wakicheza, nilikuwa Makongeni
nachemsha maji, nasubiri gunia.
Lakini niulize mechi yoyote ya Mvuke,
nitakusimulia kwa matope.

Gunia likifunguliwa lilinena.
Sita ya Andayi: kiwiko kimechanika, nyasi hadi kwapani,
nikajua siku hiyo hakupita mtu.
Moja ya Rehani: kifua chote cheusi,
ule udongo wa Kaloleni unaong'ang'ana kama deni,
hautoki kwa sabuni ya mche
mpaka uubembeleze kwa ndimu na jua.
Saba ya Olweny ilirudi na alama za vidole mgongoni;
beki alishika alichoweza.
Tisa haikurudi mpaka Jumanne,
inanuka nyama choma na marashi ya mtu mwingine.
Huyo alikuwa amefunga mawili.

Mwaka tuliochukua kombe mara ya pili
injini zilipiga honi kutoka Muthurwa hadi karakana,
na mume wangu, karani wa mafaili,
asiyejua kuotea ni mdudu gani,
alivua shati akakimbia nalo Landhies Road.
Nililifua hilo pia. Sikumdai.

Siwezi kukwambia tulianza kuanguka lini.
Wengine watakutajia basi lililouzwa,
mwekahazina aliyejenga ghorofa Ruai kwa nauli za ugenini,
uchaguzi uliozaa wenyeviti wawili na mihuri miwili,
kila mmoja akimfukuza kocha wa mwenzake.
Watakutajia kombe lililopatikana baa moja ya Shauri Moyo
limejaa vijiti vya meno.
Yote kweli.
Mimi nina yangu.

Jumatatu moja nilifungua gunia, nikaitoa sita.
Andayi alikuwa keshastaafu, imevaliwa na mwingine.
Nikaigeuza, nikainusa,
nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga.
Safi.
Nane, safi. Tatu, safi,
bado ina mikunjo yangu mwenyewe.
Na redio ilikuwa imesema tumefungwa manne.
Manne,
na hakuna aliyeanguka?

Nilizifua hivyo hivyo. Kazi ni kazi.
Maji hayakubadilika rangi.

Mshahara ulikatika kwanza, kisha sabuni, kisha mfereji.
Siku hizi maji nayanunua kwa mtungi,
na kijani ya Mvuke imepauka
kama maji ya sukuma yaliyochemshwa mara ya pili.
Vijana wananilipa kwa "Mungu akubariki, Mama Jezi."
Nimebarikiwa sana.
Unga sina.

Wajukuu wangu wanawajua wachezaji wa Ulaya
na wake zao, na mbwa wao.
Nikimtaja Andayi wananiuliza:
si ndiye yule anayeshona viatu pale Burma?
Ndiye.
Mpitie siku moja, nawaambia,
umpe kiatu na ujaribu kuondoka bila kulipa.
Hapiti mtu.

Juzi gunia lilirudi zito.
Kumi na sita ilikuwa tope tupu, shingoni hadi ukingoni.
Moyo ukaniruka kama wa msichana.
Nikamngoja mwenyewe, Silvano, kijana mwembamba wa Ofafa,
nikamwuliza kabla hajasalimu:
"Ulimtelezea nani, mwanangu?"
Akainamisha kichwa.
"Sikuingizwa, Mama. Benchi lilivunjika."

Nilicheka mpaka jirani akachungulia dirishani.

Kisha nikazianika kama nilivyozoea tangu enzi zile:
moja karibu na nguzo,
mabeki wanne,
viungo wanne wamebanana katikati ya kamba,
tisa na kumi mbele, wameukabili ukuta wa choo.
Kumi na sita sikuigusa.
Niliiacha kwenye karai na tope lake
mpaka kesho yake.