Wenyeji Wanapiga Kelele

Kadi ya kopo, wino umefifia:
Filamu ya porini. 1938. Studio, nje ya London.
Dakika ya arobaini na mbili: wenyeji wanapiga kelele.

Kazi yangu hapa Cardiff ni makopo.
Nafungua, nanusa
(mkanda ukioza hunuka siki, kama achari iliyosahauliwa),
napangusa, naandika namba, nafunga.
Sikuajiriwa kwa ajili ya lugha yangu.

Jumanne akaja Bi Olwen, miaka tisini na miwili,
koti la mvua likichuruzika juu ya zulia,
mjukuu wake Rhodri nyuma, kamshikia mkoba.
Baba yake, Sudi Feruzi wa Ng'ambo ya Unguja,
alichochea makaa melini, akaoa Butetown,
na kazi ilipokuwa haba akapanda treni
kwenda kuwa mshenzi kwa shilingi kumi kwa siku.
"Yumo humu," akasema. "Mama aliniambia.
Sauti yake sijaisikia tangu nina miaka minane."

Nikazima taa.
Msitu wa majani ya karatasi. Ngoma isiyo ya kabila lolote.
Bwana wa kofia nyeupe anapangusa jasho lisilokuwapo.
Na wa tatu kutoka kushoto, yeye,
amepakwa masizi, maana weusi wake haukuwatosha.

"Filamu za namna hii tulizipenda," Bi Olwen akanong'ona.
"Kila Jumamosi. Sisi watoto wa gatini, weusi kwa weupe,
sote tulimshangilia wa kofia."

Wanasema sinema ni kioo.
Haya. Lakini kuna anayejitazama,
na kuna waliopakwa nyuma yake, zebaki,
ili yeye ajione.

Rhodri akacheka gizani, cheko fupi.
Mwezi uliopita televisheni ilimwita,
mchezo wa polisi: Mshukiwa wa Pili.
"Wakaniambia, ukikamatwa piga kelele kwa lugha ya kwenu.
Nikawaambia, lugha ya kwetu ni Kiwelisi.
Wakatazamana."

Dakika ya arobaini na mbili.
Mkuki juu, mdomo wazi, na mimi
nikadhani masikio yananichezea.
Nikarudisha mkanda. Nikahesabu kwa vidole.
Nane. Nane. Vina vimekaa kama vigae.

*Mkuki wangu wa mbao, rangi wamenipakaza,*
*Nibweke niwe mbwa wao, chai yao yachukiza,*
*Simba huyu ni wa kwao, ndani Tomu ajikaza,*
*Olweni, kwa pesa zao, viatu nitaagiza.*

Waliomwajiri walitaka kelele.
Walipewa shairi,
wakalilipia bei ya kelele,
wakalizungusha nchi nzima, miji yenye reli na isiyo na reli,
na katika viti vyote vile vya mahameli
hakuna aliyegeuka kumwambia jirani: umesikia?

Nikamfasiria mstari kwa mstari.
Kwa Tomu ndani ya simba alicheka hadi akakohoa,
Rhodri akampigapiga mgongoni.
Wa mwisho niliusema polepole,
maana jina lake lilikuwamo, na tayari alikuwa amelisikia.

Mashine iliendelea kunguruma.
Pazia jeupe, halina mtu.

"Vyekundu," akasema. "Vya vifungo. Vilinibana.
Nilivivaa hivyo hivyo mpaka kidole kikatoka."

Sikuwa na neno. Nikachukua penseli,
nikaifuta ile kadi, nikashindwa niandike nini,
nikaiacha nyeupe kwanza.

Mlangoni Rhodri akageuka.
Jumatatu anapiga picha. Watamfunga pingu mbele ya duka la kebabu,
na maneno hayajaandikwa, wamemwambia ajaze mwenyewe.
"Nipe ule wa mbwa," akasema.

Nikampa. Akashuka ngazi akiukariri,
sauti ya bonde la Rhondda ikigonga kuta:
*Nibweke we mbwa wao, nibweke we mbwa wao.*

Saba.
Nikamwita arudi juu.