Mafuta Yaleyale

Ufuta wangu niliuuza Juni, mnadani Mtama:
magunia manne, stakabadhi moja,
na makato ambayo karani aliyasoma haraka.
Agosti nikauonja tena, safari hii kwa mgongo,
umekwisha kukamuliwa, umepashwa moto
kwenye sufuria ya shaba
nyuma ya duka la vitambaa, Lindi mjini.

"Vua, Binti Nambenje," akasema Bi Kumud.
Nikavua gauni, nikabaki na kanga.
"Na kanga."
Mimi, miaka hamsini na nane!
Hata marehemu Namtukwa alinijua gizani tu.
Lakini baridi yabisi haina haya,
miaka kumi na mmoja imekaa magotini mwangu
kama mpangaji asiyelipa wala kuhama.
Alfajiri vidole vimejikunja, mpini haushikiki,
kifungo cha blauzi hadi nimwite mjukuu.
Mficha maradhi, walisema.
Nikavua.

Mfupa mrefu aliupaka kwa mstari mrefu,
kiungo alikizungushia duara,
duara, duara, kama anayetafuta mlango.
Hivyo alivyofundishwa na baba yake, tabibu,
aliyeshuka hapa na sanduku la bati
na daftari la Kigujarati lililoliwa pembe na mchwa.

Siku ya tatu, samli. Kikombe kizima, vuguvugu,
kabla sijaonja hata chai.
Siku ya tano akanikalisha kigodani,
blanketi hadi shingoni, chungu kinatokota chini yangu,
jasho likanichuruzika hadi kwenye nyayo.
Nikacheka humo ndani.
"Nini?"
"Hii ni nyungu, Bi Kumud!
Bibi yangu kule Nyangamara alinifukiza hivihivi
kila masika, wala hakuwa na daftari."

Akanyamaza. Nikadhani nimemkosea.
Kisha nikasikia mtoto wa meza ukivutwa.
"Majani gani?" akauliza. "Polepole. Niandike."
Nikamtajia: mchaichai, mpera, mwarobaini,
na moja nilijualo kwa Kimwera tu,
akaliandika kwa herufi zao, akalisoma kwa sauti,
akalikosea, nikamsahihisha
mimi niliye kichwa tupu juu ya blanketi.

Siku ya saba, mafuta ya nyonyo na tangawizi.
Hapo sisemi mengi.
Kila nikirudi chooni niliweka punje ya choroko dirishani.
Punje kumi na tatu.
Ya mwisho niliiweka nikitambaa.
Nami, mjinga, nilikuwa nachungulia:
nilitazamia jiwe jeusi, kitu chenye umbo,
miaka yote ya kuinama shambani ikitoka na jina lake.
Hakikutoka cha namna hiyo.
Maji tu, kisha usingizi mzito.
Nilipoamka, punje zangu alikwisha kuziokota,
kaziosha mara tatu, kazipika na mchele.
Bi Kumud hatupi kitu.

Alhamisi hakuwepo.
Alirudi saa nane, jua limemchoma,
na kadi ya hospitali ya mkoa ndani ya pochi.
"Sukari," akasema, akivua viatu. "Mwaka wa tisa.
Foleni ilifika getini."
Nikatazama chupa zote zile rafuni.
Akaona ninavyotazama.
"Mafuta yana kazi yake. Sindano ina kazi yake.
Na wewe, kile kidonge chako cha kila Jumatatu
ukikiacha, usirudi kwangu."

Aliniaga kwa chupa moja ya kwenda nayo.
Njiani nilipiga hesabu ya mnada: kilo tatu
zimo humu ndani, zangu au za jirani yangu,
na bei ya chupa ingenunua kilo saba.
Nikakasirika kidogo. Nikaikumbatia chupa isimwagike.

Magoti bado yanaujua usiku wa baridi.
Sidanganyi mtu.
Ila leo asubuhi kifungo cha juu nimekifunga mwenyewe.
Vilivyobaki nimemwachia mjukuu,
anapenda kuvihesabu.