Gramu Mia Saba na Kumi

Eneko ananipima mgongo kwa utepe,
toka mfupa uliochomoza chini ya shingo
hadi pale nyonga zinapoanza kugombana na suruali.
"Sentimita arobaini na tatu. Saizi ndogo."
Ndogo! Miaka thelathini na mmoja posta ya Irun
hakuna aliyethubutu kuniita mdogo.

Anarudi nyuma hatua mbili, ananitazama
kama fundi anavyotazama mlango uliopinda.
"Bega lako la kushoto limeshuka."
Najua. Ndilo lililobeba mkoba:
barua za benki, hati za mahakama, kadi za Krismasi,
katalogi za mbegu za mzee Arrieta
asiyekuwa na bustani, wala chungu cha maua.
Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Wahenga hao hawakupanda ngazi za mtaa wetu wa juu
mwezi Desemba, mvua ikinyesha kiubavu.

Sasa nimestaafu. Nataka kuivuka Pirenei yote kwa miguu,
toka bahari hii ya kijivu
hadi ile nyingine, wanayosema maji yake ni vuguvugu.
Siku hamsini. Sitini, goti likinuna.

Mabegi matatu juu ya kaunta.
La kwanza lina mifuko kumi na minne,
limekaa kama bwana harusi anayesubiri kupigwa picha:
kilo mbili na robo, na bado halina kitu ndani.
"Hilo," anasema Eneko, "utakuwa unambeba mbebaji."
La pili jembamba kama ganda la kitunguu,
halina fremu, halina mkanda wa kiuno,
halina, nadhani, huruma.
La tatu kijani cha bwawa,
wameshona wanawake wawili wa Jaca;
waya mmoja wa alumini mgongoni, basi.

Anatia vifuko vya mchanga, kilo tisa.
"Tembea."
Natembea kati ya viatu na makoti,
napanda ngazi tatu za stoo, nashuka, napanda,
mteja mmoja ananipisha akidhani nimechanganyikiwa.
Begi la kitunguu, safari ya tano,
mchanga unanidunda figo kama mdai mlangoni.
Lile la kijani linakaa juu ya nyonga
na bega la kushoto
linanyamaza.
Nasimama katikati ya duka. Nasikiliza.
Kweli, limenyamaza.

Sikununua. Nilirudi nyumbani kwanza,
nikatundika kila kitu kwenye mzani wa samaki wa dada Garbiñe:
hema, sufuria, sufuria ya pili (ya nini?),
taulo, riwaya, soksi za kutosha kikosi.
Kilo kumi na tatu. Kumbe aliyepaswa kupimwa
hakuwa begi.
Nikakata mpini wa mswaki kwa kisu cha mkate.
Garbiñe akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

Leo nimelipa. Eneko amezikata ncha za mikanda
na kuziunguza kwa kiberiti zisifumuke.
"Na hiki ni nini?" akauliza, akiminya mfuko wa mbele.
Biskuti za mbwa.
Mbwa wa wachungaji kule juu ni wakubwa kama ndama,
na mimi sijawahi kufika mlango wa mtu
mikono mitupu.
"Gramu ngapi?"
Hizo, kijana wangu, sipimi.