Jiwe la Mwagandi

Saa kumi na moja alfajiri, Malindi, nyuma ya kituo cha mafuta,
napakia: sufuria saba, vitunguu nusu gunia,
mtungi wa gesi, mbuzi ya kunia nazi,
na jiwe.
Jiwe ni la Mwagandi dereva. Hukaa chini ya kiti,
gari likisimama mteremkoni hubanwa gurudumuni
lisirudi nyuma.
Upande mmoja jeusi. Nilidhani ni oili.

Wageni wanne: wawili wa Nairobi, wawili Wataliano
wenye nyumba hapa miaka kumi, hawajawahi kuvuka Ganda.
Kofia zao zingali na mkunjo wa dukani.
Na Elema, Mwaata, ndiye mwenye kutuongoza,
mbele, dirisha wazi, viatu mapajani.

Lami ikaisha bila kuaga.
Mwagandi akaingiza gia ya chini,
magurudumu manne yakashika, kila moja kwa imani yake,
na mimi na sufuria zangu huko nyuma tukawa ngoma moja.
Baada ya lango la Sala, Wanza wa Nairobi akauliza,
"Tumefika?"
Elema akageuka: "Wapi?"
Hakumkejeli. Alitaka kujua.

Simu ya mgeni ikasema nyoosha.
Elema akasema juzi ilinyesha.
Mgeni ndiye alipaye, tukanyoosha,
tukazama hadi ekseli.
Tope tulilichota kwa sinia yangu ya pilau,
na Mtaliano mmoja, Mungu ambariki, kwa kofia yake.

Jua la alasiri. Elema akasema, "Simama."
Kamera zikainuka. Hapakuwa na ndovu.
Akashuka peku, akapita mikoma miwili, akachutama.
Wageni wakatazama kando, kwa adabu, wakidhani ni haja.
Mimi nilitazama. Mimi ni mpishi:
mafiga nayajua hata yakizikwa nusu.
Yalikuwa mawili, yakikabiliana,
na pale pa tatu akapapangusa kwa kiganja,
kama mtu afutaye mtoto uso.

Aliporudi nikamuuliza, chini kwa chini, kwa nani pale.
"Kwa bibi. Kabla hapajawa mbuga."
Akavuta mlango. "Leo tiketi nimekatiwa na wageni."

Usiku, Galana. Viboko wanakohoa gizani.
Wageni wakabishana nyota ipi ni sayari,
kuku wa nazi akaliwa hadi mfupa.
Nilipokwenda kuosha vyombo kando ya gari
nikalipitishia jiwe kitambaa chenye sabuni.
Oili hutoka.
Nikasugua tena. Nikanusa.
Masizi yaliyoingia jiweni huwezi kunidanganya,
nimelala nayo kwenye kucha tangu nina miaka tisa.

"Mwagandi, jiwe hili ulilitoa wapi?"
"Huku huku, ule mwaka wa pancha mbili. Kwani?
Jiwe ni jiwe, Nyevu. Lala."

Sikulala vizuri.
Kesho yake, tukirudi, palepale nikagonga bati:
"Haja!"
Wageni wakatazama kando.
Nililibeba ndani ya leso, zito kama mtoto aliyesinzia,
nikaliweka. Halikukaa.
Nikaligeuza, weusi ukaangalia ndani kwa wenzake.
Liliyumba kidogo bado:
labda ardhi imehama, labda ni mkono wangu,
labda silo.

Elema alikuwa ameegemea boneti, anafunga kamba za viatu.
Alifunga, akafungua, akafunga.
Hakusema neno hadi Chakama,
akanigeukia: "Na mteremkoni tutazuia na nini?"
"Na mtungi wa gesi," nikasema,
akacheka mpaka Mwagandi akauliza kuna nini.

Mwagandi hadi leo anadhani liliibwa na nyani.
Tukisimama mlimani mimi ndiye huruka kwanza,
natafuta jiwe la kuzuia,
na kabla sijalibana
naligeuza.